Pengo la Kiraka cha Fiston

Wadogo zangu wa nyumba ya kushona, nimesikia mmekwisha kupata kitambaa cha kuziba lile pengo kwenye blanketi kubwa, ili mkifika nalo Lubumbashi lisiwaaibishe mbele ya wageni. Kitambaa hicho kiwekeni kando kwanza. Nimestaafu, sijafa, na haya magoti yaliyonikataza kupanda ngazi hayajanikataza kuandika. Nitawaeleza kazi yangu tangu mwanzo, kwa sababu pengo lile huwezi kulielewa ukianzia mwisho. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Ni fupi mno, hazijazi hata mstari.

Nilizaliwa Kapata, pembeni mwa Kolwezi, kwenye zile nyumba za kampuni ya madini zilizojipanga safu kwa safu. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba, baba yangu akachimba, na mimi nikaambiwa nikashone. Katikati ya mtaa kulikuwa na nyumba ndefu tuliyoiita Fwaye, ambako zamani kampuni iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kufuma na kuoka keki ambazo hakuna mume aliyewahi kuziomba. Kampuni ilipochoka, walimu walikwenda zao na vyerehani vikashika kutu. Mama Kapinga peke yake ndiye aliyebaki, na ufunguo kifuani. Baadaye parokia iliichukua ile nyumba, wanawake wakarudi na kazi zao za mikono, na hivyo ndivyo yalivyoanza haya maonyesho mnayoyaona leo kama kitu cha kawaida.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na sindano yangu mwenyewe, nimejipamba, nikijua nitashona. Mama Kapinga aliitazama ile sindano, akaiweka kwenye kopo, akanipa wembe mkuukuu na koti zito la mlinzi.

"Fumula," akaniambia.

"Fasi gani, mama?"

"Yote. Na uzi itoke muzima. Ukikata-kata, unaacha miiba mu nguo."

Nilifumua mpaka vidole vikauma. Kesho yake akanipa suruali. Kesho kutwa, shuka la hospitali. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemshia maji. Nilipomwuliza nitashona lini, alinijibu bila kuinua macho: "Kushona, kila mutu anajua. Kufumula njo kazi." Kufumua ndiyo kazi, eti. Ilipita miezi kabla sijarudishiwa sindano yangu, na kufikia hapo nilikuwa naweza kuutoa uzi wa pindo zima bila kuukata, ukalala sakafuni mrefu na mzima. Ukiona uzi umelala hivyo, jua aliyefumua amepita mikononi mwa Mama Kapinga. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Kazi yangu ikawa ni kwenda kuona. Likasi, Lubumbashi, Fungurume, na vijiji ambavyo lori likifika watoto hulifuata kwa makofi. Nilikwenda kuona wanawake wametundika nini kwenye kumbi za makanisa na kwenye nyua zao: vitambaa vya meza vyenye maua ya uzi, vitenge vilivyokatwa na kushonwa kuwa picha, mablanketi ya viraka. Vilivyonishika moyo niliviomba, nikavipeleka kwenye maonyesho yetu, na vya kwetu nikavipeleka kwao. Nilijifunza kwamba nguo haipigiliwi misumari, inapitishwa fito kwenye mkunjo wa juu. Nilijifunza kuuliza dirisha linatazama wapi kabla ya kuuliza choo kiko wapi, maana jua la kwetu linakula rangi kuliko panya. Vumbi la malori ya madini haulikung'uti, unalipangusa kwa brashi laini, ukielekea chini. Na mkasi wa kitambaa haumkopeshi mheshimiwa akatie utepe wa ufunguzi. Niliukopesha mara moja, mheshimiwa akaondoka nao.

Mama Kapinga ndiye aliyelianzisha blanketi kubwa. Mnajua ninyi nyote kwamba kwetu wako watu wanaoingia mashimoni kwa mikono yao kutafuta madini, na kwamba mara nyingine udongo unaanguka, na kuna wanaotolewa na kuna wasiotolewa. Asiyetolewa hana kaburi. Familia yake inalia bila kujua igeukie upande gani. Mama Kapinga akatandaza kitambaa cha drili nyeusi nzito, pana kama ukuta, akasema kila nyumba yenye mtu wa namna hiyo ilete nguo yake moja, tukate kiraka, tukishone pale. Watu wakaliita blanketi la Bale Habakupanda. Wageni wa mbali walipouliza maana yake, tuliwaambia ni wale ambao hawakupanda kutoka chini.

Masharti yalikuwa machache. Nguo iwe imevaliwa na isiwe imefuliwa. Kinachobaki baada ya kukata kinarudishwa kwa aliyeileta. Aliyeleta kiraka ndiye pekee anayeweza kusema kitolewe. Mlangoni Mama Kapinga aliuliza swali moja tu: "Matanga imekwisha?" Kama matanga yalikuwa hayajamalizwa, nguo ilirudi nyumbani. Na blanketi lilikunjwa kwenye mishono tu, kati ya kiraka na kiraka. Siku moja nilipitisha mkunjo juu ya kipande cha bluu ili lienee kwenye sanduku. Mama Kapinga alinipiga kofi la mkononi, mimi mtu mzima mwenye watoto. "Usikunje mutu," alisema.

Nimeona maonyesho mengi, lakini sijawahi kuona chumba kikiwa kama chumba chenye blanketi lile. Watu waliingia wakiongea kwa sauti, na kabla ya kufika katikati walikuwa wananong'ona bila kuambiwa. Lilikuwa na harufu yake, ya jasho na udongo mbichi, na hata tulipolipitishia pasi kwa mbali harufu haikuondoka. Wanawake walisafiri juu ya malori ya mkaa kuja kulitazama. Kila mmoja alikitafuta kiraka chake, akasimama mbele yake, akakipa habari za nyumbani. Nilimsikia mmoja Likasi akisema, "Papa Jean, mutoto wako amepita. Sasa eko mu secondaire." Kisha aliinamisha sikio, kama anayesubiri zamu ya mwenzake. Na chumba kilipojaa watu, lile blanketi lilijaa na kulegea taratibu, likajaa na kulegea, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama Kapinga alisema ni joto la watu. Nami nilisema hivyo hivyo kwa wageni, ila sikupenda kubaki nalo peke yangu.

Nadine alitujia kutoka Fungurume. Alikuwa mwanamke kijana aliyekaangia madereva wa malori samaki kando ya barabara. Mumewe, Fiston, aliingia shimoni na wenzake, udongo ukaanguka, wenzake wakatolewa, yeye hakutolewa. Walisubiri mpaka kusubiri kukakosa maana, kisha wajomba na baba wadogo wakamaliza matanga, Nadine akavuliwa nguo nyeusi. Alituletea shati la mumewe la miraba ya manjano na kahawia. Niliombwa kulikata, nikalikata mwenyewe, mgongoni, kati ya mabega. Kwa ndani nilikuta mahali palipochanika pakashonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo, ya mkono uliofundishwa vizuri. Nilikigeuza kiraka upande huo ukaelekea drili, kwa hiyo hakuna mtazamaji aliyeweza kuuona. Nikampa Nadine kilichobaki. Alikikunja, akapumua, akasema, "Sasa nitalala."

Mimi Fiston sikumjua, ingawa naye alikuwa mtoto wa Kapata. Kapata ina safu nyingi za nyumba, na nilihamia mjini mapema.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Likasi. Asubuhi tulipofungua ukumbi, upande wa chini wa kiraka cha Fiston ulikuwa wazi. Uzi haukuwa umekatika. Ulilala sakafuni, mrefu na mzima. Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama, kila mmoja akidhani ni mwingine. Nikakishona, tukafungua milango, siku ikaenda.

Tulipofika Fungurume kikawa wazi tena, safari hii pembeni. Uzi ulikuwa chini, mzima. Na mbele ya blanketi, kwenye kiti cha kwanza, alikaa mwanamke niliyemwona Likasi pia, mikono yake imefichwa ndani ya kitenge. Hakupa habari yoyote kama wengine. Alitazama tu. Niliuliza, nikaambiwa ni Mama Mbuyi wa Kapata, mama yake Fiston, na kwamba katika ujana wake alijifunza kushona pale pale Fwaye. Hapo nikajua nimemkamata. Nilimwendea na wembe mkononi kama askari.

"Mama Mbuyi, ni weye unafumulaka hii kiraka?"

"Mi sikuigusa."

"Basi unakuyaka kufanya nini?"

"Kuangalia kama anapanda." Hakuinua sauti. "Ku Likasi alifungula chini. Hapa amefungula pembeni. Mutoto wangu anapanda, mama. Weye njo unamurudisha mu shimo na ile sindano yako."

Nilihisi ubaridi kwenye meno. Lakini mimi ni mtu mkaidi, na ukaidi wangu huamka ninapoogopa. Nilichukua uzi, nikaukunja mara mbili, nikausugua kwa mshumaa, nikakishona kiraka kile mbele ya macho yake, pande zote, na fundo nililolifunga lingeweza kuzuia ng'ombe. Mama Mbuyi aliangalia kila mshono. Nilipomaliza alisimama, akasema, "Pole, mutoto," na sikujua anamwambia nani.

Niliporudi Kapata nilikwenda kwa Mama Kapinga. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alikuwa anatambua watu kwa kushika mikono yao. Nilimweleza yote. Aliniuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza pale mlangoni, kama mama mzazi alikaa matanga.

"Mama yake aliikala matanga?"

"Bajomba njo balimaliza, mama. Yeye alikataa kuikala."

"Basi matanga haiyaisha. Kama mama hakuikala chini, bamemaliza nini?" Akalisugua kopo lake la sindano. "Tumemushona mutu kati ya bale balikufa, na mama yake angali anamungoja ku mulango."

Wazee wa kwetu husema mtu aliyekwisha kuliliwa na matanga yake kufungwa, hata akiwa hai, hawezi kuuvuka mlango wa kwao mpaka kilichofungwa kifunguliwe. Nililijua neno hilo tangu utoto, kama mnavyolijua ninyi, na kama ninyi niliona ni la hadithi. Sasa lilikuwa limekaa mapajani mwangu. Mama Mbuyi alitaka kiraka kifumuliwe, mwanawe arudi. Lakini aliyekileta ni Nadine, na sharti ni sharti. Nikaenda tena Fungurume kumwomba.

Nadine alinisikiliza huku akigeuza samaki. Kulikuwa na dereva mmoja, mtu mpole, ambaye familia yake ilikuwa imekwisha kuja kujitambulisha kwao kwa posa. Aliuweka uma chini.

"Mama, mukifumula ile kiraka, mi ni bibi ya nani? Ya mutu mwenye eko, ao ya mutu mwenye hayuko?" Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Unafumula kiraka, unanifumula na mi. Niache nizikage bwana yangu."

Nilipanda lori kurudi. Huyu alikuwa na haki, na yule alikuwa na haki, na kiraka kilikuwa kimoja.

Ndipo ikaja safari ya Musumba, mbali kaskazini. Wale waliofika huko wanajua barabara ya Kapanga. Wasiofika nisiwaharibie usingizi. Mvua ilitufuata, lori lilikwama, tulilala ndani yake na blanketi katikati yetu ndani ya sanduku, na mara kadhaa dereva aliuliza nani anakohoa huko nyuma. Hakuna aliyekuwa anakohoa. Tulifika tumechoka kama punda, tukatundika kazi zetu katika ukumbi wa parokia pamoja na mikeka na vitambaa vya nyuzi za miti ambavyo wazee wa kule walituletea kwa fahari, na walikuwa na sababu ya fahari. Mama Mbuyi hakuwepo, kwake ilikuwa mbali mno. Na kiraka cha Fiston, mara ya kwanza, kilishika. Nilijipongeza.

Mchana, watu walipokwenda kula, nilibaki kupangusa vumbi. Mtu mmoja aliingia. Alikuwa mwembamba, amevaa koti lililofungwa mpaka shingoni ingawa joto lilikuwa kali. Wote wanaokuja kwenye blanketi hutafuta kwanza, macho yanapita huku na huku. Huyu hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akasimama.

"Mama, ile njo nguo yangu."

"Ya ndugu yako?" nikauliza, maana watu wengi husema hivyo.

"Yangu. Nyuma kuko fasi mama alishonaka na uzi mwekundu. Nilipasulaka mu musumari ya mulango."

Nikaiweka brashi chini. Upande ule tuliuona mimi na aliyeushona tu, na Nadine kama alitazama.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

"Kulikuwa giza. Nilifuata maji."

"Juu ya nini haukurudia kwenu?"

"Nilirudiaka. Nilifika karibu na nyumba, nikasikia bamekwisha kunilia. Mutu wenye bamekwisha kumulia, ataingia namna gani?" Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini lori halikupita. Kisha akasema, "Unifumule, mama."

Nilimfikiria Nadine. Namwambia kila anayesoma hapa kwamba nilimfikiria. Lakini mwenye nguo alikuwa amesimama mbele yangu, na hakuna sharti la Mama Kapinga linalosema nimkatalie mtu nguo ya mwili wake. Nikachukua wembe. Niliinua ncha ya lile fundo langu la ng'ombe, uzi uliokunjwa mara mbili na kusuguliwa mshumaa, na kabla sijaweka ukali wa wembe, uzi wote ukaja. Ulikuja mzima, pande zote, kwa mvuto mmoja, bila kukwaruza. Kiraka kikabaki mkononi mwangu. Pale kilipotoka drili ilikuwa nyeusi tii, haijaguswa na jua.

Alikipokea kwa kukishika pembeni, mikono yetu haikugusana. Nilimwambia masista wa parokia wameacha bukari, ugali wetu, akae ale.

"Nitakula ku nyumba," akasema, akatoka.

Nilikimbilia mlangoni. Mlinzi wa ukumbi alikuwa amekaa pale pale. Nilimwuliza kama amemwona mtu wa koti, nikasikia nafuu alipoitikia ndiyo. Nikamwuliza kama anamfahamu.

"Mi namufahamia wapi?" akasema. "Si ni mutu wenu? Nilimuona akishuka na ninyi mu kamyo."

Katika lori letu hatukuwa na mtu wa koti.

Nilimaliza maonyesho kwa sababu kazi ni kazi. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nilipofika Kolwezi sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Kapata, mkoba ungali begani, matope yamenifika magotini. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama ambaye mwanawe huenda yuko hai. Ilikuwa mchana wa jua. Mama Mbuyi alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliponiona alisimamisha mchi, akaweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole," akaninong'oneza. "Analala."

Mnaweza kuhesabu wenyewe kwamba pikipiki inaweza kulipita lori lililokwama. Nami nilihesabu hivyo. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa maji, nikahesabu tena. Mama Mbuyi alipakua bukari na sombe kwenye sahani mbili. Moja alinipa mimi, nyingine akaingia nayo chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Mimi nilikula bila kujua ninakula nini. Alipotoka, sahani ilikuwa tupu. Akaiosha, akaigeuza juani.

"Alikula," alisema. Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. "Mufu halyake bukari, mama." Mfu hali ugali, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini ningemwambia nini Nadine? Nilisikia mlango umefungwa, nikaona sahani tupu? Nikamwomba Mama Mbuyi nimwone, kwa ajili ya mkewe. Hakukasirika.

"Fungula," akasema.

Nilifungua. Pazia lilikuwa limeshushwa, mwanga ulipita kidogo. Mtu alikuwa amelala kitandani, ameelekea ukutani, amejifunika mpaka kiunoni. Alikuwa amevaa shati la miraba ya manjano na kahawia. Lilikuwa zima.

Nilisogea. Nililijua shati lile, mkasi uliolikata ulikuwa wangu. Kati ya mabega, pale nilipotoa kiraka, nilitafuta mshono. Nilitafuta juu, nikatafuta chini, nikafuata mraba kwa mraba kwa macho kama nilivyofundishwa, miaka yote ile ya kufumua ikiwa machoni mwangu. Mtu akirudisha kiraka mahali pake, awe fundi kiasi gani, mistari haikutani sawasawa, na sindano huacha tundu. Hapakuwa na mshono. Hapakuwa na tundu. Ulikuwepo ule mstari mfupi tu wa uzi mwekundu, ukichungulia kutoka ndani, mahali pake. Nikarudi kinyumenyume, nikafunga mlango.

Nilipofika bombani kunawa miguu ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimetafuta mshono kwa bidii hata sikuangalia kama anapumua.

Sikurudi. Semeni mnavyotaka, sikurudi.

Nilikwenda Fungurume, kwa sababu Nadine alistahili kusikia kutoka kinywani mwangu na si kutoka kwenye midomo ya soko. Malori yalikuwa yanapita, mafuta yanachemka kwenye sufuria yake. Nilimweleza Musumba, nikamweleza Kapata, nikamweleza shati.

"Ile nguo, yenye ulinirudishiaka," akasema, "mi mwenyewe niliichoma."

"Nguo za vile ni mingi ku soko," nikamwambia, na hata masikioni mwangu ilikuwa sauti ya mtu anayejifariji.

"Alikuwa anapumua?"

"Sikuangalia."

Alipunguza kuni chini ya sufuria. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, kama msichana.

"Kule ku Musumba. Aliuliza habari yangu?"

Nilitamani kudanganya. Nilifikiria yale maneno machache ya mtu wa koti, nikayageuza yote. Alitaja mama yake, alitaja nguo, alitaja nyumba.

"Hapana," nikasema.

Nadine akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kisha akageuza samaki wake.

"Basi alikufa," alisema. "Fiston muzima angeliuliza."

Aliolewa na yule dereva, na sikusikia mtu akimlaumu. Kila tukienda Fungurume anakuja kwenye maonyesho, anasimama mbele ya pengo na kulipasha habari za watoto kama wanawake wengine wanavyovipasha viraka vyao. Mama Mbuyi hajaja tena kwenye maonyesho yoyote. Majirani zake hawapatani. Wapo wanaosema huona shati la miraba limeanikwa kwenye kamba yake, wapo wanaosema anaishi peke yake na anapika chakula kingi mno. Kapata si mbali na kwangu, lakini mimi kwenda kuuliza siendi.

Sasa mnajua. Mkiliziba pengo lile, Mama Mbuyi atasikia, maana Kapata husikia yote, na atajua mmemrudisha mwanawe chini. Na Nadine akija atakosa mahali pa kusimama. Nendeni nalo Lubumbashi vile lilivyo. Mgeni akiuliza, mwambieni mama mmoja mkaidi amekataza. Hicho kitambaa mlichonunua kitafaa kwa mapazia ya Fwaye, ambayo ni aibu kuliko pengo lolote.

Na mkimaliza maonyesho, mkilikunja, kunjeni kwenye mishono kama siku zote. Mkifika kwenye pengo, msipitishe mkunjo hapo pia. Huenda hapana mtu. Mimi niliyekuwa na nafasi ya kuangalia, niliangalia mshono.